Kunuka na Kunukia: Jibu la Mtoto na Kipokezi cha Harufu

Katika lugha yetu ni vigumu kutaja harufu bila ya kutoa hukumu. Asumini hunukia, samaki aliyeoza hunuka. Vitenzi hivi viwili vimetofautiana kwa irabu moja tu, lakini irabu hiyo humlazimisha msemaji achague upande kabla hajaimaliza sentensi yake. Sokoni na jikoni jambo hili halina madhara yoyote, bali ni utajiri. Darasani, katika somo la milango ya fahamu, huzaa tatizo ambalo kwa maoni yangu hatujalitafakari vya kutosha vyuoni mwetu. Mwalimu huuliza, "Je, kitu hiki kinanuka au kinanukia?" huku jibu moja analolitaka amekwisha kuliandika katika andalio la somo. Mtoto ambaye pua yake inamwambia vingine hupewa mkasi.

Hoja ninayoitetea katika makala hii ni fupi. Mtoto akiulizwa yeye mwenyewe anasikia harufu gani, jibu lake halina budi kupokewa kama taarifa ya uchunguzi, wala lisisahihishwe kwa jibu la kitabuni. Sisemi hivi kwa sababu ya huruma, ingawa huruma ni sifa njema ya mwalimu. Nasema hivi kwa sababu sayansi yenyewe, katika miaka ya karibuni, imethibitisha kwamba pua za watu wawili hazikuumbwa sawasawa, na kwamba tofauti hiyo inaweza kuonyeshwa hadi katika jeni moja, na ndani ya jeni hiyo hadi katika herufi moja.

Harufu husikiwaje?

Ili hoja hiyo ieleweke, yatupasa kwanza tutazame jinsi pua inavyofanya kazi. Kitu chenye harufu hutoa molekuli nyepesi zinazochukuliwa na hewa. Tuvutapo pumzi, molekuli hizo hupanda hadi sehemu ya juu ya uwazi wa pua, mahali penye utando uliolowa ute. Katika utando huo mna mamilioni ya seli za neva, na kila seli ina vinyweleo vidogo mno vilivyozama katika ute. Juu ya vinyweleo hivyo ndipo zilipo protini ziitwazo vipokezi vya harufu.

Kipokezi kimoja ni mnyororo wa asidi amino zipatazo 300. Mnyororo huo umejikunja na kupenya ukuta wa seli mara saba, mithili ya uzi wa mshonaji upitao kwenye kitambaa kwenda na kurudi. Molekuli ya harufu ikiingia katika kishimo cha kipokezi kinachoelewana nayo, kipokezi hubadili umbo lake kidogo. Badiliko hilo huamsha mfululizo wa kazi za kikemia ndani ya seli, na mwisho wake seli hupeleka ishara ya umeme ubongoni. Hapo ndipo mtu anaposema, "Nasikia harufu."

Kila kipokezi hutengenezwa kwa kufuata maagizo ya jeni yake. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel, wakifanya kazi mjini New York, walitangaza kwamba wamegundua katika panya ukoo mkubwa wa jeni za vipokezi vya harufu. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Leo twajua kwamba binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 400 zinazofanya kazi, na nyingine nyingi zilizokwisha kuharibika katika historia ndefu ya vizazi vyetu. Tembo wa Afrika anatupita mbali: anazo zipatazo 2,000.

Kwa kawaida kila seli ya kunusa huchagua kipokezi cha aina moja tu na kuviacha vingine vyote. Lakini harufu moja huweza kuamsha vipokezi vya aina kadhaa, na kipokezi kimoja huweza kuamshwa na harufu kadhaa. Mwalimu wa lugha atalielewa jambo hili upesi. Vipokezi ni kama herufi, na harufu ni kama maneno. Kwa herufi chache tunaandika maelfu ya maneno. Kwa vipokezi 400 ubongo husoma harufu nyingi kupita kiasi. Sasa fikiri watoto wawili ambao alfabeti zao zimepishana kidogo, huyu akikosa herufi ambayo mwenzake anayo. Watawekewa neno lile lile mbele yao, nao hawatalisoma sawa.

Jeni moja na majibu matatu

Mfano ulio wazi ni kipokezi kiitwacho OR7D4, ambacho jeni yake imo katika kromosomu ya 19. Kipokezi hiki huamshwa na kitu kiitwacho androstenoni. Androstenoni hupatikana kwa wingi katika mate ya nguruwe dume, na kwa kiasi kidogo katika jasho la binadamu. Kwa miaka mingi wataalamu walistaajabia jambo moja: watu wakinusishwa androstenoni, wengine husema inanuka kama mkojo au jasho lililochacha, wengine husema inanukia, tena yafanana na maua au vanila, na wengine huapa kwamba chombo ni kitupu. Kitu ni kile kile, majibu ni matatu.

Mwaka 2007 Andreas Keller, Leslie Vosshall, Hiroaki Matsunami na wenzao walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watu wapatao 400. Waligundua kwamba jeni ya OR7D4 ina maumbo mawili yaliyoenea. Maumbo hayo yanatofautiana mahali pawili tu katika mnyororo wa protini: katika asidi amino ya 88 na ya 133. Kila moja ya tofauti hizo imetokana na badiliko la herufi moja katika maandishi ya jeni. Umbo la kwanza lilipojaribiwa katika seli zilizokuzwa maabarani lilijibu kwa nguvu lilipokutana na androstenoni. La pili lilidhoofika sana. Nao watu waliorithi umbo la pili kutoka kwa wazazi wote wawili, wakilinganishwa kwa jumla na wenzao, waliisikia harufu hiyo kwa udhaifu na hawakuichukia sana.

Tafadhali tuzingatie maana ya jambo hili. Mtu asemaye "inanuka" na mtu asemaye "sisikii kitu" wote wawili wamesema kweli. Hakuna mmoja aliye mzembe, wala mjinga, wala mwongo. Aidha, OR7D4 si kioja cha pekee. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, kwa wastani, ukiwachukua watu wawili wowote na kulinganisha jeni zao za vipokezi vya harufu, zaidi ya asilimia 30 ya nakala za jeni hizo hutofautiana katika utendaji wake. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa twaweza kuongeza kwamba na pua nayo ni vivyo hivyo.

Hata hivyo nawaonya wanachuo wasivuke mpaka. Jeni hueleza sehemu ya tofauti hizi, haielezi zote. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1989, watu wasioweza kuisikia androstenoni walipewa kuinusa kila siku kwa muda wa majuma sita, na baadhi yao wakaanza kuisikia. Mazoea, malezi, chakula cha nyumbani, umri na maradhi yote yana sehemu yake. Mafua huziba pua kwa siku chache. Na tangu mwaka 2020 dunia nzima imeshuhudia jinsi ugonjwa wa korona ulivyowanyang'anya watu wengi fahamu hii, wengine kwa majuma, wengine kwa miezi. Kwa hiyo mwalimu asimwangalie mtoto na kumtangazia kuwa "jeni yako ina kasoro". Hana kipimo cha kumwezesha kusema hivyo, wala kazi hiyo si yake.

Kinachopotea darasani

Yawezekana msomaji atauliza: Kuna hasara gani kubwa iwapo mtoto mmoja amesahihishwa katika jambo dogo kama harufu? Katika ziara za kukagua mazoezi ya kufundisha niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la watoto wadogo. Mwanachuo alikuwa amejiandaa vizuri, na zana zake zilikuwa nadhifu: karafuu, ndimu, kitunguu, na majani mabichi ya giligilani. Msichana mmoja alipofika kwenye majani ya giligilani alisema kwamba yananuka sabuni. Darasa likacheka. Mwalimu, kwa upole kabisa, akamwambia anuse tena na ajibu vizuri, kwa kuwa giligilani ni kiungo cha mchuzi na viungo hunukia. Mtoto akanusa tena, akatazama nyuso za wenzake, akasema, "Yananukia." Alipigiwa makofi.

Kwa hesabu ya andalio la somo, shabaha ilikuwa imetimia. Kwa hesabu yangu, mtoto yule alikuwa amefundishwa jambo la hatari: kwamba macho ya wenzake na uso wa mwalimu ni ushahidi mkubwa kuliko pua yake. Kitu kilichofuata alikisubiri, akasikiliza kwanza wenzake wamesema nini.

Na kuhusu giligilani, si yeye peke yake duniani aliyesikia sabuni. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2012, uliotumia majibu ya maelfu ya watu, ulikuta kwamba wale wanaosikia ladha ya sabuni katika giligilani hutofautiana na wenzao, kwa kiasi kidogo lakini kinachopimika, mahali fulani katika kromosomu ya 11 penye kundi la jeni za vipokezi vya harufu. Mmojawapo wa vipokezi hivyo, OR6A2, huamshwa na kemikali za jamii ya aldehaidi, ambazo ndizo huipa giligilani harufu yake; na aldehaidi za jamii hiyo zimo pia katika baadhi ya sabuni. Sijui msichana yule ana jeni za namna gani, wala si lazima nijue. Latosha kujua kwamba jibu lake lilikuwa jibu la maana, lililostahili kuandikwa ubaoni.

Twasema kila siku kwamba shabaha ya kufundisha sayansi katika shule ya msingi ni kumjenga mtoto achunguze, afikiri na aseme alichokiona. Basi haifai kumwambia "chunguza" kwa mdomo na kumwambia "nakili" kwa vitendo. Mtoto aliyezoea kuikana pua yake leo atazikana kesho kipimajoto na rula, maadamu jibu la kitabuni linasema vingine. Mtoto wa namna hiyo atafaulu mitihani mingi, hatakuwa mchunguzi.

Majibu kwa wenye mashaka

Pingamizi la kwanza nililolisikia kwa wenzangu ni kwamba njia hii italeta fujo: kila mtoto atajisemea apendavyo, na ukweli utapotea. Pingamizi hili ni la haki, nalo linahitaji jibu la vitendo. Yapo maswali ya namna mbili, na mwalimu lazima ayatenganishe. "Kiungo gani cha mwili hutumika kunusa?" ni swali lenye jibu moja. "Wewe unasikia nini?" ni swali ambalo jibu lake analo anayeulizwa. Hali kadhalika, kujua kwamba neno kunukia hutumika kwa harufu ipendezayo na kunuka kwa harufu mbaya ni somo la Kiswahili, na hapo kosa husahihishwa. Kuamua kama kitu hiki kinampendeza mtoto huyu ni jambo la uchunguzi. Ni kosa kubwa la ufundishaji kulitahini jambo la namna ya pili kwa kanuni za namna ya kwanza.

Zaidi ya hayo, kulikubali jibu la mtoto si kuacha kulipima. Chukua makopo matatu yanayofanana. Katika mawili weka pamba iliyoloweshwa maji matupu. Katika la tatu weka pamba yenye harufu dhaifu. Mtoto afumbe macho, anuse yote, aonyeshe lililo tofauti. Kisha badilisha mpangilio, urudie. Asiyesikia harufu atabahatisha, na kwa kubahatisha atapatia mara moja katika tatu. Lakini kupatia mara nne mfululizo kwa bahati tu hutokea mara moja katika 81, yaani theluthi moja kwa theluthi moja, mara nne. Kwa hiyo mtoto apatiaye mara nne karibu hakika anasikia, na mtoto anayekosa kila mara tumempima kwa haki bila kumwita mwongo. Hivyo ndivyo ukweli unavyolindwa: kwa kipimo, si kwa makofi ya darasa. Na hapo hapo mwalimu amepata somo la sehemu katika hesabu bila gharama ya ziada.

Pingamizi la pili ni uhaba wa vifaa na wingi wa watoto. Somo la harufu ni miongoni mwa masomo nafuu kuliko yote. Vizibo vya chupa, makopo matupu, pamba na viungo vya jikoni vyatosha. Darasa la watoto sitini ligawanywe makundi kumi ya watoto sita, kila kundi likiwa na katibu wake. Mwalimu asiwe ndiye anayezunguka na kopo moja kutoka pua hadi pua.

Pingamizi la tatu ni kwamba habari za jeni ni nzito mno kwa mtoto wa shule ya msingi. Nakubali kabisa, wala sishauri zifundishwe. Mwalimu hujifunza mengi zaidi ya yale atakayoyasema. Jeni ya OR7D4 si ya kuandikwa ubaoni. Ni ya kukaa kichwani mwa mwalimu, ili siku mtoto atakapotoa jibu lisilotazamiwa, mkono wenye kalamu nyekundu usite kwanza.

Namna ya kuliendesha somo

Kwa kifupi, napendekeza hatua zifuatazo.

Kwanza, mwalimu aseme mwanzoni kabisa kwamba leo hakuna jibu la kunakili, na kwamba kila mtoto ataandika lake kabla ya kusema lolote. Kuandika kabla ya kusema ni ngome dhidi ya kufuata mkumbo.

Pili, badala ya kuuliza tu "kinanuka au kinanukia?", aulize maswali matatu kwa mpangilio: Je, unasikia harufu? Ni kali au hafifu? Inakukumbusha nini? Swali la kupendeza au kuchukiza lije mwisho. Hapa lugha yetu itamsaidia, maana ina maneno mengi ambayo watoto wameanza kuyasahau: shombo, uvundo, kikwapa, vumba, manukato. Watoto wa pwani na wa bara watashindana kuleta maneno ya kwao.

Tatu, majibu yajumlishwe katika jedwali ubaoni. Jibu la mtoto mmoja liandikwe sawa na jibu la watoto arobaini. Darasa lijadili: Kwa nini tumetofautiana? Je, nani ana mafua? Nani hula kiungo hiki nyumbani kila siku? Mwalimu ahitimishe kwa sentensi nyepesi: watu huzaliwa na pua zinazotofautiana kidogo, kama walivyozaliwa na nyuso zinazotofautiana.

Nne, usalama. Petroli, mafuta ya taa, gundi, dawa za wadudu na unga wowote usiojulikana visiguswe katika somo hili. Watoto wafundishwe kuisogeza harufu puani kwa kupunga mkono, wasichomeke pua ndani ya kopo. Na mtoto ambaye katika majaribio yote hakusikia harufu yoyote, wala hana mafua, mwalimu azungumze na wazazi wake kwa faragha. Mtoto huyo yafaa achunguzwe na mganga, kwa kuwa moshi wa moto na chakula kilichoharibika havitamwonya kama vinavyowaonya wenzake.

Ndugu mwanachuo, mwakani pengine utakuwa peke yako mbele ya darasa, mbali na mkufunzi na maktaba. Kitabu cha mwalimu kitakupa majibu ya maswali mengi, nawe ukiheshimu. Lakini siku utakaposhika kopo na kumwuliza mtoto anasikia nini, kumbuka kwamba kitabu hicho hakina pua. Aliye nayo amesimama mbele yako. Mwandikie jibu lake.